Uliza Ujibiwe: Bunduki Isiyokaa Begani

Barua nyingi za safari hii zinalalamikia bunduki "isiyokaa". Kabla ya kujibu, jambo moja: vipimo vyote vilivyomo humu huchukuliwa bunduki ikiwa tupu. Toa magazini, chungulia chemba kwa jicho, ipapase kwa kidole, na risasi zibaki chumba kingine. Wengi wetu tunaishi nyumba za ukuta kwa ukuta na wapangaji wenzetu, kwa hiyo mdomo wa bunduki usielekee ukuta wenye watu nyuma yake, hata kama una hakika haina kitu.

*

Ndugu wahariri, habari za kazi. Nina raifali ya kuwindia yenye darubini. Kimo changu ni sentimita 163. Siku ya kununua, muuzaji alinikunjisha mkono, akaegemeza kitako kwenye kiwiko, kidole changu kikafika kwenye triga, akasema imenikaa. Mbona nikilenga naona duara jeusi ndani ya darubini mpaka nivute shingo mbele? Nisogeze darubini au nikate kitako?
*Msomaji, Kigamboni*

Kata kitako, ila si leo.

Kipimo cha kiwiko hupima mkono wa mbele peke yake. Hakijui shingo yako ina urefu gani, kifua kina upana gani, wala ukilenga unasimamaje. Kinafaa dukani kutenganisha bunduki ya mtoto na ya mtu mzima. Zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Urefu wa kitako hupimwa kwa mstari ulionyooka, kuanzia katikati ya uso wa triga, pale kidole kinapogusa, hadi katikati ya mpira wa nyuma unaogusa bega. Laza bunduki ubavu juu ya meza, tumia futi kamba. Bunduki nyingi za kuwindia hutoka kiwandani na inchi 13½ hadi 13¾, yaani milimita 343 hadi 349. Kwa mtu wa kimo chako huo ni urefu wa kuazima.

Sasa jipime mwenyewe. Simama, fumba macho, pandisha bunduki begani, laza shavu pale linapojilaza lenyewe bila kulilazimisha, halafu fumbua. Picha ndani ya darubini inatakiwa iwe imejaa, bila kivuli. Kati ya pua na kidole gumba kilichoshika kitako ipite nafasi ya vidole viwili mpaka vitatu. Kitako kikiwa kirefu, hunasa kwenye shati karibu na kwapa wakati wa kupandisha, kisha hutoka kwenye kishimo cha bega na kukalia msuli wa mkono. Shingo nayo inanyooka kama ya kobe, na mwili unaegemea nyuma kutafuta mizani. Kikiwa kifupi, kidole gumba hugonga pua, na siku ya risasi nzito darubini hukuchora mwezi mchanga juu ya nyusi.

Kuhusu kusogeza darubini: darubini nyingi za kuwindia hutaka jicho liwe nyuma yake kwa sentimita 7.5 hadi 10. Ukiirudisha nyuma duara jeusi litaondoka, lakini kitako kitabaki kirefu na mkono wa mbele utaendelea kubeba uzito mbali na mwili. Umeshusha homa, malaria iko palepale.

Kabla ya kugusa msumeno, fanya jaribio. Fungua skrubu mbili za mpira wa nyuma, uutoe. Tuseme una unene wa milimita 25 na kitako kizima kilikuwa 349. Mbao tupu sasa ni 324. Pandisha begani ukiwa umevaa nguo unazowindia. Ukiona ni fupi mno, kata vipande vya boksi kwa umbo la kitako, vibandike kwa tepu kimoja kimoja, ukijaribu kila mara, mpaka fumba-fumbua itoe picha iliyojaa mara kumi mfululizo. Tuseme umefika 330. Ukirudisha mpira uleule, unakata milimita 19. Ukinunua mpira mwembamba wa milimita 20, unakata 14. Hesabu hii ndiyo huwaponza watu: wanakata tofauti ya vipimo bila kujumlisha unene wa mpira mpya. Usijaribu kupiga risasi ukiwa na maboksi. Hilo ni zoezi la kupandisha tu.

Kuhusu fundi. Fungua kitako chote, mpelekee seremala mbao peke yake. Chuma kibaki kimefungiwa nyumbani. Hatupendi kuona bunduki nzima imeegemezwa kwenye meza ya seremala kando ya barabara, na hata sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 haichezi na silaha iliyo mikononi mwa asiye na leseni. Kabla ya kukata, achungulie tundu lililo chini ya mpira, kwa sababu vitako vingine vina bolti ndefu ndani. Vya plastiki mara nyingi ni vitupu katikati; ukikata bila kuweka kizibo, skrubu za mpira hazina pa kushika.

Azungushe tepu ya karatasi, achore mstari sambamba kabisa na uso wa zamani, apitishe kisu juu ya mstari ili mbao isichanike, ndipo atumie msumeno wa meno madogo. Neno "sambamba" alisikie mara mbili. Mkato ukipinda na kuacha ncha ya chini imetokeza, ncha hiyo itachoma kifua kila risasi. Akate kwa kubakiza milimita moja, amalizie kwa msasa uliobandikwa kwenye kibao bapa. Mwisho, uso uliokatwa apake vanishi mara mbili au tatu kabla ya kurudisha mpira. Mbao hunywa unyevu zaidi kupitia ncha iliyokatwa, na unyevu wa Dar wakati wa masika mnaujua. Skrubu nazo zipakwe grisi kidogo, maana chumvi ya bahari haibagui.

*

Shikamooni. Ninajifunza kulenga shabaha mita 10 kwa bunduki ya upepo. Nikisimama mkono wa kushoto unatetemeka, na kila risasi inaenda kulia. Nifanye mazoezi gani ya misuli?
*Binti wa Mbezi*

Marahaba, binti. Misuli iache kwanza. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISSF, zinaruhusu bunduki ya mita 10 kufikia uzito wa kilo 5.5, na nukta ya katikati ya shabaha, yenye alama kumi, ina upana wa nusu milimita. Hakuna mkono unaobeba uzito huo kwa risasi 60 bila kutetemeka. Unaobebwa na mifupa hautetemeki hivyo.

Tunachukulia unatumia bega la kulia. Geuza ubavu wa kushoto kuelekea shabaha, miguu iachane kwa upana wa mabega, uzito nusu kwa nusu. Magoti yanyooke bila kukazwa. Sukuma nyonga ya kushoto kidogo kuelekea shabaha, kisha acha kiwiliwili kilale nyuma, mbali na shabaha, mpaka uzito wa bunduki uangukie katikati ya nyayo zako. Kiwiko cha kushoto kiegemee mfupa wa nyonga au mbavu, kiwe chini ya bunduki moja kwa moja. Kuanzia hapo bunduki inakaa juu ya mkono kama ndoo juu ya kichwa: hushikilii, unaisimamisha. Mikono ikiwa mifupi kiasi kwamba bunduki haifiki jicho, usiinamishe kichwa. Kunja ngumi chini ya bunduki, au inyanyue kwa vidole. Bunduki ndiyo inayofuata kichwa.

Sasa hilo la kwenda kulia. Lenga, fumba macho, vuta na kutoa pumzi mara tatu, legeza mabega, fumbua. Bila shaka utakuta mdomo umelala kulia kwa shabaha. Hapo ndipo mwili wako unapoelekea kwa asili. Ulikuwa unaurudisha kwa msuli, na wakati wa kuvuta triga msuli unaachia, bunduki inarudi kwao. Usisukume kwa mkono. Mguu wa kushoto ubaki pale pale, wa kulia usogeze mbele, upande wa vidole. Ikiwa imelala kushoto, urudishe nyuma, upande wa kisigino. Sogeza kidogo sana: miguu ikiachana sentimita 40, sentimita moja tu ya mguu wa nyuma hugeuza mwelekeo kwa takriban sentimita 25 kule shabahani. Kwa juu na chini, usogeze mkono wa kushoto: ukiurudisha karibu na triga mdomo hupanda, ukiupeleka mbele hushuka. Kisha rudia kufumba macho.

Pumzi ikishatoka nusu, tulia, bonyeza. Zikipita sekunde nane hujapiga, shusha bunduki, anza upya. Jicho limechoka na moyo unagonga. Na tafadhali, usije na kandambili. Vaa raba yenye soli bapa na ngumu, au utakuwa unalenga ukiwa juu ya sponji.

*

Natumia mkono wa kulia lakini nikifumba jicho la kushoto ndipo naona vizuri. Ni tatizo?
*Msomaji, Tabata*

Yawezekana jicho lako kuu ni la kushoto. Nyoosha mikono, tengeneza kitundu kidogo kwa viganja, tazama balbu ya mlangoni kwa macho yote mawili, kisha fumba moja moja. Jicho linalobaki na balbu ndilo kuu. Kama ni la kushoto na bado u mgeni, hamia bega la kushoto. Wiki za mwanzo ni za karaha, baadaye unasahau. Kama umeshazoea, weka kipande cha karatasi nyeupe mbele ya jicho la kushoto badala ya kulifumba, kwani kulikaza muda mrefu hulichosha na la kulia.

*

Bunduki yangu ya upepo ya springi inatawanya. Nimeilaza juu ya mfuko wa mchanga na kuibana sana, ndiyo kwanza inazidi.
*Msomaji, Ukonga*

Umeibana, ndiyo maana. Ndani kuna pistoni inayorushwa na springi, na inaanza safari yake kirisasi kikiwa bado ndani ya mtutu. Bunduki hupiga teke nyuma, kisha hujirusha mbele, yote kabla hujapepesa jicho. Lazima iruke, na unachotaka ni iruke vilevile kila mara. Mfuko wa mchanga uwe chini ya mkono wako. Kiganja kifunguke, bunduki ilale juu yake sehemu ileile kila risasi (weka alama ya tepu), kitako kiguse bega tu. Na kaza skrubu za kitako kwa bisibisi inayoenea vizuri kwenye tundu. Hulegea kwa mtikisiko, na nyingi tunazosikia "zinatawanya" dawa yake ni hiyo. Usiifyatue bila kirisasi ili kujizoeza, pistoni itagonga chuma bila mto wa hewa.

*

Nikiwa Dar bunduki yangu inanikaa vizuri kabisa. Nikienda Makete kwenye baridi inagonga bega na duara jeusi linarudi. Darubini imeharibika?
*Msomaji, Temeke*

Sweta. Ulipimwa ukiwa na fulana, kule unavaa sweta na koti juu yake. Hiyo ni sentimita moja au mbili za ziada kati ya bega na kitako. Usikate kwa kipimo cha fulana. Pima na ukate kitako ukiwa umevaa mavazi ya baridi, kisha ukija Dar jazia kwa vipande vya plastiki ngumu vinavyowekwa kati ya mbao na mpira, vya milimita 5 au 6 kila kimoja. Utahitaji skrubu ndefu kwa kiasi hichohicho. Zile fupi zitashika nyuzi mbili tatu tu, na teke la tano litazing'oa pamoja na mbao.