Demani isiyochuna viganja

Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi, yaani halipandi kuukabili upepo. Kwangu mimi, mnyonge ni bega la kulia. Tangu niliumize, kutoka mjini Lamu kwenda Shela wakati wa kusi kulikuwa adhabu. Mashua yangu ni ndogo, tanga moja la pembe tatu, injini haina. Demani, ile kamba ya kuvutia na kulegezea pembe ya nyuma ya tanga, nilikuwa naizungusha mara moja kwenye kigingi cha tezini, nyuma ya mashua, halafu navutana nayo mpaka viganja vinawaka. Wenzangu wenye nguvu hufanya hivyo maisha yao yote. Mimi nilitafuta njia nyingine, na kabla ya kuipata nilikosea vibaya.

Nilinunua roda mbili za chuma, yaani kapi za kupitishia kamba, kila moja na magurudumu mawili, nikapitisha kamba nyembamba ya milimita 8 mara nne baina ya pembe ya tanga na tezi. Kuvuta kukawa kama kuvuta ndoo ya maji kisimani. Siku mbili nilijiona fundi. Siku ya tatu, karibu na Ras Kitau, upepo ukatupiga ghafla, nikaiachia demani na tanga halikwenda kokote. Kamba ilikuwa imejaa miguuni, imejiviringa kwenye kasia. Tulikunywa maji upande mzima wa demani, ule ambao mashua hulalia upepo ukivuma, kabla sijaifungua kamba. Tanga lilipoanza kupigapiga, ile roda ya chuma ikampata kijana wangu juu ya jicho. Kovu analo mpaka leo.

Hesabu yake ni rahisi, ila mimi niliifanya nusu. Ukipitisha kamba mara nne, unavuta kwa robo ya nguvu, lakini kila mita moja ya tanga inataka mita nne za kamba, kuingia na kutoka. Na kila gurudumu lina msuguano wake. Upepo ukiwa mwepesi, kama asubuhi za kaskazi zilizotulia, tanga halina nguvu ya kuivuta kamba yote hiyo litoke lenyewe. Inabidi uisukume kwa mkono, kichekesho.

Mzee mmoja fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kisiwani Lamu, aliitazama kazi yangu, akauliza, "Mwanangu, upepo ukiya, yote hii utaiwata saa ngapi?" Yaani, upepo ukija, kamba yote hii nitaiachia saa ngapi. Sikuwa na jibu.

Sasa napitisha mara mbili tu. Demani ya zamani nimeiacha palepale kwenye pembe ya tanga, sikuigusa. Kama dhiraa mbili kutoka kwenye pembe, nimeifunga kishwara kidogo, yaani kitanzi cha kamba. Kamba ya msaada inaanzia kwenye pete ya tezini upande wa demani, inapita ndani ya pete laini iliyoshikwa na kishwara hicho kwa kijiti cha mkoko, kisha inarudi kwenye roda moja ukingoni, halafu mkononi. Navuta karibu nusu ya uzito. Nasema karibu, kwa sababu pete inasugua zaidi kuliko gurudumu, lakini haimpasui mtu kichwa. Roda nzito isikae karibu na tanga hata kidogo.

Kijiti ndicho kinachofanya mpango huu ufae mashua zetu. Tukigeuza tanga, pembe yake lazima izungushwe mbele ya mlingoti, na kamba iliyofungwa moja kwa moja tezini haiwezi kufika huko. Kwa hiyo nalegeza kwanza, nachomoa kijiti, tanga linazunguka na demani yake ya zamani, kisha nachomeka kijiti tena upande wa pili, ambako pia kuna pete. Kijiti kikiwa kimebanwa na upepo hakitoki, usishindane nacho. Na kamba ya msaada ikikatika, demani ya zamani bado ipo.

Kamba yenyewe iwe nene, milimita 10 au 12, hata kama nyembamba ingebeba uzito huo. Mkono unashika unene, haushiki nguvu. Zile kamba za plastiki za rangi za bei nafuu zinateleza zikilowa, na jua linazifanya ziwe na miiba. Kamba ya polista, yaani ya nyuzi za polyester, inadumu zaidi.

Kuhusu fundo sina mjadala: demani haifungwi fundo la kukaza. Mzunguko mmoja kwenye kigingi na mwisho uwe mkononi, au fundo la kitanzi linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kamba iliyobaki ikae chini mahali pake, mbali na miguu ya abiria. Abiria wanapenda sana kuikalia.

Roda naiosha kwa maji matamu kila Ijumaa, maana chumvi ikikauka ndani gurudumu halizunguki. Na kila mwaka, kusi ikipoa, naigeuza kamba mwisho wa huku uwe wa kule, ili isilike sehemu moja tu.