Kwa mwanangu aliyeambiwa si shabiki wa kweli

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye matatu, nikaurudia nyumbani mama yako akiwa kando. Umesema ulivaa fulana yako ya Star Wars, zile filamu zetu za vita vya angani, kwenda kutazama filamu na wenzako huko Nairobi, kijana mmoja akakuanzishia mtihani: ipi ilitoka kwanza, vitabu umesoma vingapi, na yule rubani msaidizi wa mhusika Lando ndani ya chombo cha angani Millennium Falcon anaitwa nani. Ulipokwama kwa rubani akakuita shabiki feki, mwenye kufuata fulana tu. Ndipo ukaniuliza: "Baba, shabiki wa kweli ni nani hasa?" Umeniuliza mimi niliyekuambukiza ugonjwa wenyewe, basi vumilia jibu refu.

Nianze na huyo rubani. Anaitwa Nien Nunb, yule mwenye masikio mapana na mashavu yaliyoning'inia katika Return of the Jedi ya mwaka 1983. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani wakati huo, na anachozungumza ni Kikuyu. Jina la Kikalenjin, maneno ya Kikuyu, chombo kinaruka kwenda kuvunja ngome ya maadui angani: Kenya tulifika huko kabla hatujaalikwa. Nyanya yako hajui kama Jedi ni mtu au ni dawa ya kuogeshea ng'ombe, lakini mkalishe mbele ya runinga na atamwelewa Nien Nunb kuliko huyo mtahini wako.

Filamu hiyo mimi niliionea kwenye video show hapa Nakuru, nikiwa mvulana, tumebanana kwenye mabenchi. Hatukujua kwamba kuna nyingine mbili zilizoitangulia. Tuliiita ile ya panga za taa. Luke hatukumjua kwa jina, alikuwa steringi, imetosha. Kwa nini Han Solo, rafiki yake, ameganda ukutani kama sanamu? Hakuna aliyejua. Rafiki yangu mmoja alishikilia kwamba amerogwa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jibu bora, tukakubaliana hivyo kwa muda mrefu. Nien Nunb alipofungua mdomo, mabenchi ya nyuma yalilipuka kwa kelele mpaka mwenye video akarudisha kanda ili tusikie tena. Wasiojua Kikuyu wakawa wanavuta mikono ya jirani: amesemaje, amesemaje?

Kwa kipimo cha kijana wako, ukumbi mzima ule ulikuwa wa mashabiki feki. Tulianzia mwisho, majina hatukuyajua, na nusu ya hadithi tuliitunga wenyewe.

Lakini wachukue hata wale waliopanga foleni Marekani filamu ya kwanza ilipofunguliwa, tarehe 25 Mei 1977. Hakuna awezaye kudai ukongwe kuwapita. Maandishi ya mwanzo waliyoyasoma hayakusema kwamba hii ni sehemu ya nne. Hilo liliongezwa mwaka 1981. Kwamba Darth Vader, yule adui mwenye kofia nyeusi, ni baba yake Luke hawakulijua mpaka 1980, na kwamba Leia ni dada yake, mpaka 1983. Wasimamishe mbele ya huyo kijana uone kama watapita.

Halafu kuna jambo la vitabu. Kuanzia mwaka 1991, Timothy Zahn alipotoa riwaya yake ya kwanza ya Star Wars, watu walisoma riwaya na vibonzo kwa miaka, wakajua nani alimwoa nani na watoto wao walikuwa nani. Mwaka 2012 Disney wakainunua Lucasfilm, kampuni yenye filamu hizi, kwa zaidi ya dola bilioni 4, na Aprili 2014 likatoka tangazo: hadithi zile zote sasa ziitwe Legends, filamu mpya hazitazifuata. Basi, kwa siku moja. Kama ushabiki ni kujua mambo, ina maana ofisi moja Marekani iliwavua watu ushabiki wao asubuhi na mapema, kabla hawajanywa chai. Bila shaka hawakuvuliwa chochote. Waliendelea kuvipenda vitabu vyao, wengine kwa hasira zaidi. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichowashika, na hicho huwezi kukipima kwa maswali ya mlangoni.

Sasa nimtetee kidogo huyo kijana, maana namjua hata kama sijamwona. Kuna wakati kupenda vitu hivi kulikufanya uchekwe na wenzako. Mtu mzima na maroboti? Aliyevumilia kicheko hicho anajiona amelipa kiingilio, na sasa anaona fulana zinauzwa kila duka na watu wanaingia bila kulipa. Inauma, nakubali. Ila kiingilio alichotozwa hakikutozwa na wewe, na huna sababu ya kumrudishia.

Na kama alishangaa kwamba wewe ni msichana, hilo ni ujinga mtupu. Marcia Lucas alikuwa mmoja wa wahariri watatu waliopata Oscar kwa kuihariri filamu ya 1977. Rasimu ya kwanza ya filamu ya 1980 iliandikwa na Leigh Brackett. Wanawake walikuwa jikoni mwa hadithi hii kabla kijana wako hajazaliwa.

Kinachonitia hofu zaidi ni mahali ubawabu huu unapoishia. Ahmed Best alicheza Jar Jar Binks mwaka 1999, na mashabiki "wa kweli" wakamwandama kwa sababu mhusika wake hakuwapendeza. Mwaka 2018 alieleza hadharani kwamba chuki ile ilimfikisha mahali pa kufikiria kujiua. Mwaka huohuo Kelly Marie Tran, aliyecheza Rose katika filamu ya 2017, aliondoa picha zake zote Instagram baada ya kutukanwa kwa miezi, na matusi mengi yalihusu asili yake ya Kivietinamu. Wengi waliofanya hayo walijiona wanailinda Star Wars. Hata George Lucas, aliyeibuni hadithi yenyewe, hakusalimika: alipoongeza vitu kwenye filamu zake mwenyewe mwaka 1997, wapo waliomwambia hazijui. Bawabu akishazoea kazi, humzuia mpaka mwenye nyumba.

Na tazama lililofuata. Watoto walioingia kwa mlango wa 1999 wamekuwa watu wazima, na filamu zilizodharauliwa ndizo utoto wao. Hayden Christensen, aliyemcheza Vader alipokuwa kijana na akachekwa sana, aliporudi mwaka 2022 alipokewa kwa shangwe, na mwaka 2023 Ahmed Best akatokea katika tamthilia ya The Mandalorian kama Jedi, shujaa wa panga za taa, anayemwokoa mtoto Grogu. Nilisimama sebuleni. Mama yako ni shahidi.

Unataka jibu na bado nazunguka. Mimi humtambua shabiki kwa anachofanya baada ya swali. "Umeona ile ya 1980?" ni swali zuri kabisa. Kuna mtu ukimjibu hujaiona, macho yanamng'aa: ala, una bahati, njoo Jumamosi tuitazame, nione uso wako tukifika pale. Na kuna mtu ukimjibu hivyo, anafurahi kwa sababu amepata mtu wa kumshinda. Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nimepona mara nyingi kwa kuiona hadithi hii kupitia kwako, ulipokuwa mdogo na ukamwonea huruma Vader, kitu ambacho mimi sikuwahi kukifikiria.

Mwaka 2015 watu wengi huku walienda kumwona Lupita Nyong'o katika Star Wars mpya, na hata uso wake hawakuuona, maana Maz Kanata ni kiumbe cha kompyuta. Walinung'unika njia nzima. Baadhi yao waliulizia filamu inayofuata. Hao ni mashabiki au si mashabiki? Mimi sijaona haja ya kuwapangia.

Najua unachowaza: ukikutana tena na yule kijana, umuulize Nien Nunb anasema nini. Muulize, raha hiyo sikunyimi. Ila akishindwa, mfasirie palepale. Usimwache amesimama kama alivyokuacha wewe.

Desemba ukija, niletee Andor, ile tamthilia ya Star Wars, misimu yote miwili kwenye flashi. Mama yako anasema mwaka huu atatazama nasi, lakini kwa sharti kwamba kwanza aelezwe yule wa kofia nyeusi anayepumua kwa shida ni nani. Hayumo kwenye Andor, nimemwambia, hataki kusikia. Kazi hiyo nimekuachia wewe.

Baba yako