Jibu kwa mgumu wa Machame: wiki inavyopita kituoni Ncha ya Kusini

Mkuu, umeuliza mambo matatu: wiki inapitaje kule Antaktika, baridi uliyoizoea ukiwa mgumu, yaani mpagazi, ukibeba mizigo njia ya Machame kupanda Kilimanjaro itakusaidia au la, na fundi jenereta wa Moshi anapenyaje. Mimi nilikaa msimu mmoja wa baridi kituo cha Amundsen-Scott, pale kwenye Ncha ya Kusini yenyewe, kwenye mitambo ya umeme. Wakati huo nilishaishi Marekani na makaratasi yao ninayo. Siku hizi niko Pasua, hapahapa Moshi, nahangaika na majenereta ya mahoteli.

Baridi tuimalize kwanza. Kituo kiko mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na kambi yenu ya Machame, ila hewa ya kule ni nyepesi kuliko namba hiyo inavyoonyesha, kwa hiyo ukifika unahema ukipanda ngazi tu. Julai nyuzi 60 chini ya sifuri ni siku ya kawaida. Rekodi ya kituo ni 82.8 chini ya sifuri, Juni 1982. Kwa hiyo ubabe wa Kibo uache getini. Lakini sikuona mtu aliyeshindwa kwa sababu ya baridi. Nguo unapewa, na muda mwingi uko ndani. Kinachowashinda watu ni wiki ileile kurudi na kurudi.

Kazi ni siku sita, Jumapili mnapumzika. Ndege za mwisho zinaondoka katikati ya Februari, na hakuna nyingine mpaka karibu Novemba. Jua linazama mara moja kwa mwaka, mwezi Machi, linachomoza tena Septemba. Madirisha yenyewe yanazibwa ili mwanga wa ndani usisumbue darubini za wanasayansi. Kuwa leo ni Jumatatu unajua kwa kusoma ubao wa zamu. Mnabaki watu arobaini na kitu, na sura ni hizohizo.

Sasa chumba cha injini, maana najua hapo ndipo ulipolenga. Kuna majenereta makubwa matatu: moja linanguruma, la pili liko tayari kuwashwa, la tatu liko kwenye sevisi. Upande mwingine wa jengo kuna mtambo wa dharura. Mafuta ya majenereta haya ni ya jamii ya mafuta ya ndege, kwa sababu dizeli ya sheli ingeganda kabla hujafungua koki. Na umeme ni sehemu tu ya kazi ya hiyo injini. Joto la maji ya rejeta na la moshi wa ekzosi halitupwi, linazungushwa kupasha jengo zima, na ndilo linalotoa maji ya kunywa. Mnatoboa barafu kwenda chini sana, mnateremsha maji ya moto, yanayeyusha tundu kubwa huko chini, kisha pampu inapandisha. Kadiri mnavyochota, tundu linazidi kushuka. Miaka ikipita kina kinakuwa kirefu mno, mnahamia kisima kipya, na kile cha zamani kinageuzwa kuwa shimo la majitaka. Ukishaelewa hilo hutashangaa kwa nini kuoga ni mara mbili kwa wiki, maji yakitiririka dakika mbili tu. Kila ndoo ni mafuta, na mafuta yanafika kwa ndege, au kwa msafara wa matrekta yanayovuka barafu kutoka pwani.

Kwa hiyo wiki yangu ilikuwa kuzunguka na karatasi: presha ya oili, joto, masaa ya injini, mikanda, hosi. Unachukua sampuli ya oili, unabadilisha filta, unaandika. Spea ambayo haikuja na ndege ya mwisho, hiyo haipo. Kuna pampu ya maji ya moto ilianza kulia machozi kwenye maungio, na gasketi ya saizi ile stoo haikuwepo. Nikatandika karatasi ya gasketi juu ya uso wa pampu, nikaigonga taratibu pembezoni kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo mpaka umbo likajikata lenyewe, matundu ya bolti nikayatoa kwa goroli. Kila kijana wa gereji hapa mjini anaijua hiyo. Mwenzangu wa zamu, fundi mzuri tu, maisha yake yote gasketi alizitoa kwenye pakiti.

Nje ni habari nyingine. Mtambo wa kusukuma theluji unaupulizia hewa ya moto kwa masaa kabla ya kugusa swichi, na waya wa plastiki ukiukunja unavunjika.

Usafi ni wa kila mtu, kwa zamu. Profesa wa nyota anasugua choo wiki hii, mpishi wiki ijayo. Tuliokulia kwenye msaragambo, kazi za pamoja za kijiji, hatukuona ajabu, ila nilimwona mtu na elimu yake akinuna siku nzima kwa ajili ya mopu. Moto nao unaogopwa kuliko dhoruba, kwa sababu hewa ni kavu mno na zimamoto ni ninyi wenyewe. King'ora cha mazoezi kikilia unaacha sahani mezani.

Kuhusu nafasi nitakwambia wazi: ni ngumu. Tanzania haimo kwenye Mkataba wa Antaktika wa 1959, kwa hiyo hatuna kituo wala mpango wetu. Afrika Kusini wanacho, SANAE IV, na kwenye timu yao ya majira ya baridi mafundi dizeli wamo, ila wanaanza na raia wao. Njia yangu ilipitia makaratasi ya ukaazi. Ukipata upenyo wowote, cheti cha umeme na dizeli kiwe mkononi, na meno yatibiwe mapema, maana wanakukagua mwili mzima kabla ya kukupandisha ndege, na jino bovu peke yake linatosha kukuchelewesha.