Uliza Tukujibu: Ati mgomo ndo unaua

SWALI: Asalam aleikum mhariri. Mimi nauza mchicha na bamia hapa sokoni Malindi na binti yangu ni nesi. Kila mgomo ukianza mie ndo nasutwa, juzi jirani kanifungulia simu kanionyesha kichwa cha habari "Mgomo waua" akanambia soma, mwanao huyo. Mtoto mshahara umechelewa miezi miwili, hilo sijaliona popote. Kwani hawa waandishi wamehongwa? Na binti yangu akiongea nao si atafutwa kazi?
Mama Nesi, Muyeye

JIBU: Wa aleikum salaam mamangu, pole. Kuhongwa sidhani, manake mwandishi wa huku kwetu mara nyingi analipwa kwa stori iliyotoka, na stori inayotoka ni ya maiti, ya mshahara uliochelewa haitoki. Mimi mwenyewe niliwahi kutuma stori ya mgomo, mistari ishirini, sababu zote nimeziweka, ikatoka mistari minne na picha ya wodi tupu. Mhariri yuko Nairobi, nafasi ni ndogo, anakata kuanzia chini na mimi mjinga sababu ndo nilizipanga chini.

Lakini hebu angalia wanavyohesabu siku. Mgomo wa madaktari ulioanza 5 Desemba 2016, kila jioni tuliambiwa leo siku ya 30, leo ya 60, mpaka ukaisha Machi 2017 zimetimia 100. Na mkataba wa mishahara waliokuwa wanaupigania ulitiwa saini Juni 2013! Miaka mitatu na nusu hiyo sikumbuki tivii ikitangaza ati leo siku ya 900 mkataba umekaa kwa droo. Hesabu inaanza siku daktari anapovua koti, kwa hivyo anayetazama anaona aliyevua koti ndo kaanzisha balaa.

Halafu hili neno "wadai". Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, Machi hadi Mei, na kubwa lilikuwa malipo ya maintani, yaani madaktari wapya walio kwenye mafunzo ya kazi, serikali ilisema shilingi 70,000 kwa mwezi na mkataba mwingine, wa 2017, ulisema 206,000 na ushee. Ukisoma "Madaktari wadai 206,000" utafikiri wameamka asubuhi wakaota hiyo namba. Mtu akikukopa mchicha wa mia mbili kisha ukamwendea, wewe unadai kweli, lakini unadai deni, huombi nyongeza. Gazeti likisema "wadai" bila kusema ni deni la lini, jirani yako ana haki ya kukasirika, kaelewa alichoandikiwa.

Manesi ndo walionewa zaidi kwa maoni yangu. Siku 100 za madaktari kila mtu anazo kichwani, lakini mwaka huo huo wa 2017 manesi waligoma tangu Juni hadi Novemba, kama miezi mitano, nani anaikumbuka? Kura Agosti, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba, kura tena 26 Oktoba, wino wote ukaenda huko. Na zahanati nyingi za ndani huko Magarini nesi ndo zahanati yenyewe, akiondoka ni kufuli.

Sisemi maiti zisiandikwe. Mama aliyefiwa na mtoto kwenye geti la hospitali ni habari, na binti yako analijua hilo kuliko mimi na wewe. Ila kuna kitu ambacho jirani hakioni, vyombo vya habari vinakula matangazo ya serikali, na Machi 2024, mwezi ule ule wa mgomo, idara za serikali ziliagizwa zipeleke matangazo yao ya redio na tivii KBC peke yake, shirika la utangazaji la serikali yenyewe. Mhariri mwenye mishahara ya kulipa anaisikia hiyo hata asipopigiwa simu.

Kuhusu binti, asiongee akiwa na yunifomu wala ndani ya hospitali, awaachie viongozi wa chama cha manesi. Akitaka lazima kusema, jina lifichwe, na hilo waelewane KABLA hajafungua mdomo, si baada ya kumaliza ndo anaanza kuomba.

SWALI: Mbona redio husema "mgomo haramu"? Mgomo una uharamu gani?
Msikilizaji, Langoni, Lamu

JIBU: Haha, kwetu ukisema haramu watu wanafikiria nguruwe. Kugoma ni haki, iko kwa Katiba ya 2010 kifungu cha 41, ila sheria inataka notisi ya siku 7 na mzozo uwe ushapelekwa kwa wapatanishi ukashindikana. Mara nyingi kinachotokea ni mahakama kuusimamisha kwa muda kesi isikizwe kwanza, na mtangazaji anafupisha anasema haramu, manake "uliosimamishwa kwa muda" inamjaza mdomo.