Jibu kwa ndugu wa Mikindani kuhusu Jumamosi zangu

Wakubwa zangu, shikamooni. Shangazi ameniuliza mbele ya ukoo kwa nini Jumamosi zangu hapa Winnipeg, Kanada, nazitumia kwa familia ya wakimbizi isiyo na undugu nasi, ilhali nyumba ya Mikindani bado haijaezekwa. Ana haki ya kuuliza, nami namjibu bila kuficha.

Silipwi hata senti. Ninaambatana na mama mmoja wa Kikongo na wanawe 4, waliofika huku wakitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Wakimbizi wanaoletwa kwa mpango wa serikali hupewa ukaazi wa kudumu tangu wanapowasili, na kwa kawaida hupata fedha za kujikimu hadi mwaka mmoja, ingawa wengi wao huanza maisha wakidaiwa nauli ya ndege iliyowaleta. Lakini hati ya ukaazi haimfundishi mtu kusoma barua ya shule, kuwavisha watoto kwa baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, wala kumkatalia muuzaji anayebisha hodi. Wiki ya tatu tu mama huyo alikuwa ameshatia saini mkataba wa simu wa miaka 2 asioelewa hata ukurasa wake mmoja. Nilipousoma niliikumbuka kangomba, jinsi mkulima wa Tandahimba aliyebanwa na shida anavyoziuza korosho zake kwa bei ya kutupa kabla ya msimu. Mkataba ule tulifanikiwa kuuvunja kwa sababu siku ambazo mteja huruhusiwa kubadili nia zilikuwa hazijaisha.

Sasa niseme nilipokosea. Kwa kuwa Kiswahili kilituunganisha, nilifanya kila kitu mimi: nilipiga simu, nikajaza fomu, nikazungumza na daktari kwa niaba yake, nikidhani huo ndio wema. Kisha nikapangiwa zamu za usiku, na barua ya miadi ya mtoto wake wa mwisho ikakaa juu ya friji siku 9 ikinisubiri, hadi siku ya miadi ikapita. Mama hakunilaumu. Aliniomba radhi yeye, kana kwamba kosa lilikuwa lake, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu aliyewavusha watoto mpaka wa nchi wakati wa usiku, akawalea kambini miaka yote hiyo, mimi nilikuwa nimemgeuza mtu wa kungoja.

Tangu hapo ninakaa pembeni yake na simu anaishika yeye. Tulianza na maneno machache tu: jina lake, tarehe ya kuzaliwa, na kwamba anahitaji mkalimani wa Kiswahili, kwa sababu hospitali humtafutia mkalimani mgonjwa anayeomba. Mara ya kwanza mkono ulimtetemeka na akakata simu. Tulikunywa chai, akapiga tena. Kazi hii inachosha kuliko kumfanyia, na siku nyingine narudi nyumbani nikiwa sina hakika kama nimesaidia.

Shangazi, nawe unaijua habari hii kuliko mimi. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu walivuka Ruvuma wakaja kwetu, na wengine wakapelekwa Rutamba, mkoani Lindi. Ni wewe uliyenisimulia kwamba bibi alimpeleka mgeni mmoja shambani, akamwonyesha udongo wa mihogo na wa mtama, kisha akamwachia jembe na kurudi nyumbani. Nilipokuwa mtoto nilidhani alimtelekeza yule mgeni.

Kuhusu nyumba, sitaki mdhani kwamba Jumamosi hizi zinakula bati. Ninachowatumia hutoka katika mshahara wa siku 5 za wiki, na kilichokwamisha ni kodi ya pango iliyopanda, jambo ambalo nilipaswa kuwaeleza mapema badala ya kukaa kimya. Fedha za bati zitafika kabla ya masika. Mama naye amepangiwa kikao na mwalimu wa mwanawe Alhamisi ijayo; ataandamana na mkalimani wa shule, na mimi nitakuwa kazini.