Mume amekosa methadoni siku nne, arudie kipimo kilekile?

Pole na msiba, dada yangu. Umeuliza kama mumeo, aliyekosa methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini) siku nne, akirudi kutoka msibani Pemba anywe kipimo chake cha zamani kwenye kliniki ya Kidongo Chekundu, Unguja. Hapana! Siku tatu mfululizo zikipita, mwili huanza kupoteza uzoefu wa dawa, na kipimo kilekile kinaweza kumkata pumzi usingizini. Fuatana naye, aseme wazi siku alizokosa, daktari ampangie upya. Asitulize arosto (maumivu ya kukosa dawa) kwa unga, yaani heroini, wala vidonge vya usingizi. Hapo ndipo wengi wanapofia. Usiku akikoroma kwa kukwama, midomo ikageuka buluu na haamki, mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali. Safari ijayo, waarifuni kliniki kabla ya kupanda boti.