Maswali ya Wasomaji: Je, Uchimura anamzidi Kato?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, rafiki yangu hushikilia kwamba katika jimnastiki ya wanaume hajapata kutokea bingwa kama Mjapani Kohei Uchimura. Mimi humjibu kwamba Sawao Kato, naye Mjapani, ana dhahabu nane za Olimpiki, ilhali Uchimura ana tatu tu. Naomba utuamue. – Msomaji, Mbale.

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu yako ni sahihi, lakini rafiki yako ana hoja nzito zaidi. Ukizichambua dhahabu nane ambazo Kato alizipata kati ya mwaka 1968 na 1976, utaona kwamba tatu ni za timu, tatu ni za kifaa kimoja kimoja, na mbili tu ni za ubingwa wa jumla, ambapo mchezaji hupimwa katika sakafu, farasi mwenye vishikio, pete, mruko, fito sambamba na chuma cha juu, kisha alama zote zikajumlishwa. Katika ubingwa huo Uchimura naye ana dhahabu mbili, ya London 2012 na ya Rio 2016, na tangu Kato mwaka 1972 hakuna mwanamume mwingine aliyekuwa amelitetea taji hilo la Olimpiki.

Kinachomtenga Uchimura ni mashindano ya dunia, ambako alitwaa ubingwa wa jumla mwaka 2009, 2010, 2011, 2013, 2014 na 2015. Sisi Waganda tuliomfuatilia Joshua Cheptegei akishinda mita 10,000 za dunia mwaka 2019, 2022 na 2023 tunajua taji linavyokuwa zito kulilinda. Uchimura alililinda katika vifaa sita. Haki itendeke kwa Kato pia: enzi zake mashindano ya dunia yalifanyika kila baada ya miaka minne, kwa hiyo nafasi zake zilikuwa chache.

Siri ya Uchimura, kwa maoni yangu, ni usafi. Tangu mwaka 2006 alama hutokana na ugumu wa mazoezi pamoja na utekelezaji wake, na ingawa wengi walirundika ugumu na kuvumilia makosa, Uchimura alifanya mambo magumu huku miguu ikiwa imenyooka na akitua bila kuyumba. Alilelewa katika mkoa wa Nagasaki na wazazi waliokuwa wanajimnastiki, wenye ukumbi wao wa mazoezi, akaanza akiwa na umri wa miaka mitatu. Beijing 2008, akiwa na miaka 19, alianguka kwenye farasi na bado akapata fedha ya jumla.

Usafi huo ndio uliomwokoa Rio. Kabla ya kifaa cha mwisho, chuma cha juu, Oleg Verniaiev wa Ukraine alikuwa mbele kwa alama 0.901. Uchimura akapata 15.800, Verniaiev 14.800, na dhahabu ikaamuliwa kwa tofauti ya 0.099.

Mfululizo wake wa mataji ya jumla ulikatika katika mashindano ya dunia ya Montreal mwaka 2017, alipoumia kifundo cha mguu katika mruko na kujitoa. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, alishiriki kwenye chuma cha juu pekee, akaanguka katika hatua ya mchujo, na mwaka uliofuata akastaafu. Taji la jumla la Tokyo lilikwenda kwa Mjapani mwenzake, Daiki Hashimoto.